Bakuli la Bluu la Consolata

Jumatatu, 18 Desemba 1995

Nakaanga karanga tangu asubuhi. Sasa ufuta. Unaruka hovyo, umeniunguza kidole. Nje ukungu, ziwa halionekani. Nyumba nzima inanukia asali hadi kichwa kinaelea.

Kila Noeli nampikia Consolata wa mtaa wa Mutanga Nord. Avoine, zile za uji wa Wazungu, nazikausha motoni na karanga, ufuta, asali. Yeye ndiye alinifundisha, tulipokuwa tunashona pamoja hapa mtaani kwetu Asiatique. Nampelekea kwenye bakuli langu la bluu. Idi ikifika ananirudishia, limejaa mapishi yake.

Idi iliyopita halikurudi.

Jumatano, 20 Desemba

Ville morte, mji wote umefungwa kwa mgomo. Hakuna kutoka. Risasi kaskazini, kwake kulekule.

Nimekoroga avoine kwa moto mdogo, nikasinzia. Nimeota bakuli linaelea ziwani, nami nalifuata kwa miguu. Maji magotini tu. Siogopi. Kuamka, moshi! Zote nyeusi. Mjinga mimi.

Ijumaa, 22 Desemba

Nimeanza upya. Dada yangu Zaituni ananicheka: "Mutu akikalia bakuli yako mwaka muzima, amekuchoka. Achana naye."

Nina hasira. Hata salamu? Au hayupo tena duniani? Hilo sitaki kuliandika.

Avoine nimezitia kwenye kopo tupu la maziwa. Kesho nampelekea mwenyewe. Zaituni analia, eti nina wazimu. Labda.

Jumamosi, 23 Desemba

Yupo! Alhamdulillahi, yupo.

Amekonda, gauni linamning'inia. Bakuli liko juu ya kabati, limesuguliwa, limefunikwa kitambaa cheupe. Nikalitazama. Akainamisha kichwa.

"Sikukuwa na kitu ya kutia ndani, dada. Nikurudishie tupu, mi ni mutu gani?"

Kumbe. Mwaka mzima mimi nanuna, yeye anaona haya. Nimelia kama mtoto mbele yake. Nikamwambia atie mchaichai wa uani kwake.

"Majani? Ya Idi?" Akacheka. Kicheko kilekile cha zamani. Akaenda kuchuma.

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli. Mji kimya, mvua nyembamba.

Zaituni kachemsha mchaichai wote. Tumekunywa bila sukari, hakuna aliyelalamika. Nawaza Consolata saa hizi anatafuna avoine zake, karanga kwanza, kama kawaida yake.

Bakuli nimeliosha. Liko dirishani, linakauka.