Kitambaa cha Benta

Kim, ile kompyuta ya Otiende imekufa kabisa. Nimetoka kwake Kaloleni sasa hivi na bado siamini.

Unajua tangu tumzike Benta imekuwa ikijizima. Pawa, kile kisanduku cha kuipa umeme, iliungua, akaweka nyingine, nayo ikaungua. Otiende akalaumu stima, hata akagombana na jirani eti asipige pasi jioni, saa anayowasha amsikilize marehemu mkewe kwenye zile nyimbo alizorekodi na kwaya.

Leo fundi alikuja nyumbani. Kabla hajagusa skrubu akauliza, "Mzee, hiki kitambaa huwa unakitoa ukiwasha?"

"Nikitoe kwa nini? Benta ndiye alikishona, na ndiye alikiweka hapo."

Ni kile cheupe cha maua, Kim. Kile tu. Kimeziba matundu ya juu na kuning'inia mpaka nyuma, joto lote likabaki ndani. Diski imeiva. Nyimbo zimeenda.

Binti yao Aluoch akasema polepole, "Baba, mama alikuwa anakikunja kwanza ndipo awashe." Otiende angejuaje? Benta akiwa hai, mzee hakuwahi kuiwasha mwenyewe.

Otiende akauliza, "Fundi, hata wimbo mmoja?" Fundi akatikisa kichwa.

Fundi alipofunga mashine, Otiende alikikung'uta kile kitambaa, akakitandika tena palepale. Nikamwambia, wewe mzee, hujasikia ulichoambiwa?

Akasema, "Nimesikia. Haitawashwa tena. Sasa kinaweza kukaa."