Miruko Elfu Moja na Mia Tano

12 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, ila kutoka nje ni nusu saa tu kwa siku. Mama anashona barakoa kutwa nzima. Cherehani imehamia mezani, na sisi tunakula sahani zikiwa magotini. Wewe je? Mgongo unaendeleaje?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu huko shuleni kwenu mtandao haushiki, na dereva wa gari la unga amekubali kubeba barua. Najua usingeweza kuwaacha wale wanafunzi kumi na wawili waliokwama bwenini mipaka ilipofungwa. Kila mtu ananiambia nijivunie baba yangu, mwalimu wa michezo aliyebaki peke yake. Najivunia. Ila nataka pia urudi.

Asubuhi bado naamka saa yetu ya kukimbia. Navaa viatu, nafika mlangoni, navivua. Majirani wote wako madirishani, hawana kazi nyingine. Tulipokuwa wawili walikuwa wanakutazama wewe. Peke yangu siwezi, Baba. Unanijua.

Mwanao wa pekee

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mgongo hauna neno. Msalimie mama yako, mwambie ayapumzishe macho.

Achana na watu wa madirishani. Chukua ile kamba yangu ya kurukia, ruka humo humo chumbani. Mwili ukilala, moyo nao unalala. Huku tunazunguka uwanja kila asubuhi. Yuko msichana mmoja wa umri wako, kwao ni ng'ambo ya mpaka, wenzake wanamwita Swala. Huyo mtoto ana pafu! Mizunguko kumi, na anapiga soga njia nzima. Ananichekesha mpaka nashindwa kukimbia. Ungempenda.

Ruka, halafu niandikie idadi.

Baba yako

28 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hatujambo.

Nimeruka mara mia sita. Kila siku.

Nafurahi umepata mtu wa kukuchekesha. Mimi na wewe tumekimbia kimya miaka yote hiyo, nikidhani ndivyo unavyopenda. Mimi uliniambia nitunze pumzi. Yeye anaruhusiwa kupiga soga?

Na mtu mwenye pafu kiasi hicho si akimbilie upande wa pili wa uwanja? Kukaa mbalimbali ni sheria, Baba. Imebandikwa hadi kwenye ngazi zetu.

Mama anauliza kama unakula.

Mwanao wa pekee (kama bado)

6 Mei

Mwanangu (bado, na hakuna mwingine),

Marahaba. Mwambie mama nakula.

Mia sita! Nimeiandika kwa chaki kwenye ukuta wa bwalo: BINTI WA MWALIMU, 600. Wote wakaguna. Swala akaomba kamba, akafika mia saba, akajitupa chali kwenye nyasi. "Mwalimu, mwandikie huyo binti yako, mwambie kesho namla!" Nikamjibu, wangu haliki kirahisi.

Usiniangushe.

Baba yako

14 Mei

Baba,

Shikamoo. Elfu moja na mia tano.

Mwambie.

Mwanao

5 Juni

Baba,

Shikamoo. Safari hii sijui niulize hali yako vipi, maana naogopa jibu.

Gari la unga limekuja mara mbili bila barua. Mara ya kwanza nilisema moyoni, haya, wako uwanjani wanacheka. Mara ya pili mama alishuka mwenyewe. "Mume wangu mzima?" Dereva akasema, "Sijamwona, mama. Unga nimempa mpishi." Tangu siku hiyo mama anashona na kufumua, anashona na kufumua.

Barua hii niliianza kwa lugha ile ya darasani. Ikatoka nzuri mno, kama insha, kama vile kosa ni la mtu mwingine. Nikaichana. Acha niseme kwa lugha yetu ya nyumbani, ile ninayoionea haya.

Sijaruka hata mara moja.

Kamba yako mama aliifunga toka dirisha hadi dirisha wiki ya kwanza, anaanikia barakoa. Ningeweza kumwomba, sikumwomba. Zile namba nilizitunga kitandani, shuka limenifunika hadi kichwani. Siku hizi nalala mpaka saa saba mchana. Mama alikuwa akipita anauliza, "Umeatamia nini humo? Vifaranga tuvitegemee lini?" Nilikuwa nacheka. Sasa haulizi tena. Kazi za shule sijazigusa. Kuoga, usiniulize. Kuna kitu kimenikalia kifuani. Si ule ugonjwa, mama amenipima joto mara nne. Ni uzito tu, na asubuhi ndiyo unazidi.

Nikifumba macho namwona Swala upande wako wa kushoto, pale ninapokimbia mimi. Simjui sura, kwa hiyo nimempa sura nzuri kuliko yangu. Nimewahi kuomba aumwe tumbo. La siku mbili tu. Mtu gani anaomba hivyo, Baba?

Kama umekasirika, kasirika, lakini andika. Hata mstari mmoja.

Mwanao

13 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena kwa zile shikamoo ambazo sikuzijibu. Mwambie mama yako mimi mzima, asifumue tena.

Sikukasirika. Kaa, nikueleze kwa mpangilio.

Ile elfu moja na mia tano niliiandika ukutani siku ile ile ilipofika. Kesho yake Swala akaifukuzia. Nilimwambia apumzike, akakataa. Kwenye elfu moja na mia moja miguu ikamsaliti, akatua vibaya, kifundo kikavimba kama ngumi. Mpishi na mimi tulimbeba. Akaambiwa asikanyage chini wiki tatu.

Sasa lile ambalo sikukuandikia. Niliposema tunazunguka uwanja, ulidhani mimi ndiye niliyewatoa vitandani. Sivyo. Wiki za mwanzo sikutoka chumbani kwangu. Nilivuta pazia nikalala na nguo za mazoezi, filimbi shingoni, kila anayekuja namwambia naumwa mgongo. Watoto wa watu kumi na wawili nje, nami nimegeukia ukuta. Swala ndiye aliyekuja na mfuniko wa sufuria na mwiko, akaupigia mlangoni. "Mwalimu! Mgongo unaponea uwanjani! Toka, au tunaingia wote!" Nikatoka kwa aibu. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Wengine wananiogopa. Yule haniogopi.

Alipoumia, hakuna aliyegonga. Nikarudi kulala. Ndicho kile kimya changu. Baba hamwandikii mwanawe kwamba bila mtoto wa mwenzie kumgongea haamki.

Barua yako aliileta yeye, anachechemea na ufagio kwapani. Akaisukuma chini ya mlango. "Ya mwanao hii. Isome upesi, nasubiri hapa hapa na mguu unaniuma." Nikaisoma. Nikafungua.

Leo nimezunguka mara mbili, natembea. Kuhusu namba zako sijamwambia kitu. Hilo ni lako.

Amka, mwanangu.

Baba yako

20 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea ngazini, dereva hajaondoa hata gari. Mama akaita toka juu, "Mzima?" Nikasema mzima. Akakaa juu ya lundo la barakoa, zote zikajikunja, na hakujali.

Ukurasa wa pili ni wa Swala. Usiusome. Nimemwambia mwenyewe, nimeuandika mara tatu na bado una madoa. Ukutani ufute jina langu, uandike lake na 1100. Kama lazima niwepo, niandike 43, ndizo nilizoruka jana. Nilimwomba mama kamba. Akalalamika, "Ndio umeona leo?" lakini barakoa akazihamishia kwenye viti. Kwenye arobaini na tatu jirani wa chini akaanza kutwanga dari yake, nikaacha.

Leo nimetoka nje. Mzunguko mmoja. Yule bibi wa ghorofa ya pili akaniita toka dirishani, "We binti, baba yuko wapi?" Nikataka kukimbilia ndani. Nikamjibu, "Yuko kazini!" Kwa sauti, Baba. Mpaka nilishtuka.

Kifuani bado pazito, ila uzito unachelewa kuja, unaningoja nivue viatu.

Wivu bado ninao, sitakudanganya tena. Pale pa mfuniko wa sufuria paliniuma kuliko ile mizunguko kumi. Sikujua kwamba na wewe unahitaji kugongewa. Ningegonga mimi. Huku nilipo hutanisikia.

Basi agonge yeye. Agonge kila siku, mguu ukipona na hata kabla haujapona, atumie huo ufagio. Ila kuna kitu asichokijua, nami nampa. Ukiitwa asubuhi unajibu "nakuja" huku umelala fofofo. Mwambie asiondoke kwa hiyo "nakuja" yako. Asubiri mpaka asikie viatu.

Mwanao