Ng'ambo ya Mto Luvuzi

Jumanne, 15 Agosti 2017

Zamu ya mchana. Baridi bado kali, vidole havishiki kalamu vizuri. Baada ya saa nne magari yamepungua, nikatoa karatasi zangu. Mbele ni fomu za wageni zilizoharibika, nyuma ni historia ya Kitobwe, mji wa kwetu. Leo nimemaliza sura ya pamba.

Naona imekaa vizuri. Kampuni ilijenga ghala la pamba katikati ya pori, mahali pasipo na kitu ila nyasi na vichuguu. Reli ikafuata pamba. Stesheni ikafuata reli. Wamisionari wakachukua kilima. Ndio mji wote huo: ghala, stesheni, kilima, barabara moja yenye mikaratusi. Vumbi jekundu miezi sita, matope miezi sita. Treni mara mbili kwa wiki, ikipenda.

Ni Umoja wa Wana-Kitobwe wa hapa Johannesburg ulioniagiza. Watoto wetu wanajua kila robot, kila taa ya barabarani ya mji huu, lakini mto wa kwao hawajui unaitwaje. Mwalimu aandike, walisema. Zamani nilifundisha darasa la nne. Sasa nafungua na kufunga geti la makazi ya watu huko Randburg, lakini jina la Mwalimu limebaki. Nalipenda sana. Nikikana nitakuwa najidanganya.

Jumapili, 20 Agosti

Binti yangu Clarisse amenichorea ramani kwenye kompyuta. Ana miaka kumi na sita. Kiswahili anakielewa, ila kukisema mpaka umbembeleze. Nimemwelekeza: kilima hapa, stesheni hapa, mto Luvuzi unapita kusini, daraja la chuma. Alipovuka mto mkono ukasimama.

"Papa, huku iko nini?"

Hakuna, nikamwambia. Pori. Akapaka rangi ya kijani.

Si pori. Ni Lazaro. Kambi ya wakoma. Nyumba zaidi ya sitini, zahanati, kisima, tanuru nne za matofali. Wenye mji waliiweka chini ya mkondo ili maji yetu yasiwafikie, na upande ambao upepo hauvumi kwenda kwao. Naandika "yetu" kwa sababu nilizaliwa huko. Baba alifika mgonjwa, akapona, vidole vitatu havikurudi. Akaoa huko, akazikwa huko. Mimi sikuugua hata siku moja. Nilipokuwa na miaka tisa nilivuka daraja kwenda bweni la misheni, na tangu siku ile nikiulizwa nasema mimi wa Misheni.

Mke wangu, Furaha, hajui. Yeye ni wa Bukavu, nilimwambia baba alikuwa fundi wa mapadri. Miaka kumi na saba ya ndoa.

Tena kuna hili. Kwenye sura ya pili nimeandika kwamba kanisa la kilimani lilijengwa na wamisionari. Kila tofali lake lilichomwa Lazaro. Baba ndiye aliyekuwa mkuu wa tanuru.

Jumapili, 27 Agosti

Kitabu kimesomwa mkutanoni, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Rosettenville. Watu wamefurahi. Hakuna aliyeuliza chochote kuhusu lile eneo la kijani. Wengi ni watoto wa watu wa stesheni, walitoka wadogo. Papa Désiré mwenyewe, muuza vitenge, rais wa Umoja, alitoka akiwa mgongoni mwa mama yake. Mji wanaujua kwa masimulizi ya wazazi, na wazazi wa stesheni hawakuwa na kawaida ya kusimulia ng'ambo ya mto. Tangu vita hakuna hata mtu wa kumpigia simu kule.

Halafu Désiré akainua kitabu juu. Mtu wa kwetu akiitwa kwenye ofisi ya wakimbizi, Umoja humpa barua yenye muhuri: tunamfahamu, ni wa Kitobwe kweli. Siku hizi wamejitokeza watu wasio wa kwetu wanaotaka barua hiyo. Basi, akasema, tangu leo anayeitaka ataulizwa kutoka humu. Asemalo kama halimo kitabuni, si wa kwetu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Sikusimama. Nilipigiwa makofi. Furaha alinishika mkono mbele za watu, jambo asilolifanya.

Jumatano, 6 Septemba

Furaha kaja na habari wakati wa kula. Kuna mama amekwenda dukani kwa Désiré kuomba barua. Anaitwa Godeliva, anasuka nywele Diepsloot. Ana mahojiano ofisini tarehe kumi na tisa. Anasema ni wa Kitobwe. Kaulizwa kartie gani, mtaa gani, kajibu Lazaro, ng'ambo ya mto. Désiré kafungua ramani yangu, kaona pori tu.

Furaha anacheka. "Watu wana uongo, Mwalimu. Hata jina la Biblia wanalichukua!"

Nimecheka naye. Nikaendelea kumega ugali.

Jumapili, 10 Septemba

Nataka kuandika yote kabla sijaanza kujitetea.

Mama Godeliva ameletwa mkutanoni. Wa umri wangu, labda kanizidi kidogo. Kikoti cha sufu, viatu vimesuguliwa vikang'aa. Wamemweka kwenye kiti mbele, kama shahidi wa kesi. Désiré anauliza, kitabu mkononi. Treni zilikuwa siku gani? Kajibu. Ghala la pamba lilikuwa na milango mingapi? Hajui, hawakuruhusiwa kufika ghalani. Watu wakaguna. Kanisa lilijengwa na nani? Akasema: sisi. Wakacheka, ukumbi mzima.

Hakukasirika. Akaeleza taratibu. Matofali yalivukishwa mto kwa mtumbwi wakati wa mvua, kwa miguu wakati wa kiangazi, maana darajani wagonjwa hawakuruhusiwa. Kila familia ilibonyeza alama yake kwenye udongo kabla ya kuchoma. Yao ilikuwa mistari miwili. Nikaiona ile mistari akilini. Iko upande wa kushoto wa mlango wa sakristia, chini, pale mtoto anapoifikia.

Désiré akanigeukia. Mwalimu, kuna kartie kama hiyo?

Nikasema, "Sikumbuki."

Sikusema hapana. Tangu mchana najipoza kwa hilo, kwamba sikusema hapana. Upuuzi mtupu. Mwalimu aliyeandika kitabu akisema hakumbuki, watu wanasikia hapana.

Yule mama akanitazama. Kisha akaniuliza, kwa heshima kabisa, baba yangu aliitwa nani. Désiré akamkata: anayeulizwa hapa ni yeye. Barua kanyimwa. Akashukuru, akatoka.

Mimi ni mtu mbaya. Naliandika hili wazi maana kesho nitalipunguza.

Jumatano, 13 Septemba

Gari limekaa getini dakika tatu, dereva anapiga honi, mimi nimeshika kitabu cha wageni tu. Msimamizi kanigombeza. Ana haki.

Kazi yangu yote ni kuuliza watu: unatoka wapi, unakwenda kwa nani. Na kuwaandika.

Jumamosi, 16 Septemba

Nimekwenda Diepsloot. Nimemwambia Furaha nakwenda kuona viatu vya kazi. Uongo mwingine, ila huu mdogo.

Saluni yake ni nusu ya kontena, nusu nyingine ni spaza, kiduka cha Msomali. Alikuwa anasuka. Hakushangaa kuniona. Kaniambia nikae juu ya kreti, akamaliza msuko, akamuaga mteja, ndipo akasema.

"Nilikujua tangu siku ile. Weye ni mutoto ya Tadeo, wa ku tanuru. Ile sura ni ya baba yako."

Nikamuuliza mbona hakunitaja. Angesema jina la Tadeo mbele ya wale watu, ningekwisha, naye angepata barua yake.

"Nilisema labda uko na sababu. Siwezi kuvua mutu nguo mbele ya watoto yake."

Nilitamani anitukane. Nimezoea kutukanwa getini, najua pa kuliweka tusi. Hili sijui pa kuliweka. Alinifichia aibu yangu huku mimi namnyima kwao.

Kaniambia mambo mengine. Baba aliniulizia mpaka alipofariki. Walimwambia nimekuwa mwalimu, akawa anawaambia wageni wote wa zahanati. Sikuwahi kurudi kumwona. Kutoka bweni mpaka Lazaro ni mwendo wa dakika ishirini.

Nimemwahidi kesho nitasema mkutanoni. Kachukua ufagio, akaanza kufagia nywele.

Jumapili, 17 Septemba

Nimenyoosha mkono. Désiré kanipa nafasi. Nimesimama. Nimezungumzia rangi ya jalada la kitabu.

Jumanne, 19 Septemba

Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda kwenye ile ofisi. Niliwaza nitaingia na Mama Godeliva, niseme kwa mdomo wangu. Mstari umezunguka ukuta. Mlinzi wa geti, kijana wa Limpopo, kaniambia anaingia mwenye miadi tu. Nikamwambia mimi pia ni mlinzi. Akasema basi unajua. Najua.

Godeliva katoka saa nane. Ofisa kamuuliza kama kuna watu wa mji wake hapa Johannesburg. Kasema wapo. Mbona hawakuandikii? Kapewa mpaka tarehe kumi Oktoba alete uthibitisho. Bila huo, faili linafungwa.

Ameniambia haya kama mtu anayemweleza dereva njia. Kisha akavuka barabara.

Mficha maradhi, kifo humfichua. Baba alipenda kuisema hiyo, akicheka, na mikono yake ile. Leo ugonjwa ni wangu na anayekufa ni mwingine.

Jumamosi, 23 Septemba

Nimemwambia Furaha. Jikoni, mchana, akiwa anapondaponda sombe, majani ya muhogo. Nilianza kutoka mwisho, nikarudi nyuma, nikachanganya. Kaacha mchi. Nilidhani ataogopa ugonjwa. Hakuogopa.

Kauliza jina la mama yangu lilikuwa nani, la kweli. Nikamwambia: Veronika. Zamani nilimtajia jina la mpishi wa mapadri. Binti yetu wa pili, aliyefariki akiwa na miezi minne, tulimpa jina hilo. Jina la mpishi.

Kaingia chumbani. Sombe nimeimalizia mimi. Imeungua.

Jumapili, 24 Septemba

Siku ya Urithi, sikukuu ya nchi hii. Ndiyo siku tuliyopanga kuzindua kitabu, watoto wamevaa vitenge, vyakula vimejaa meza. Nimeombwa niseme neno.

Nimesema. Sikusema vizuri. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtoto aliyeitwa ubaoni. Nimesema ramani ni ya uongo. Ng'ambo ya mto kuna Lazaro, ni kambi ya wakoma, mimi ni mtoto wa Tadeo wa tanuru, na Mama Godeliva ni jirani yetu, alama yao ni mistari miwili. Kanisa walilijenga wao. Nimesema nilimkana kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya kusahau.

Mama mmoja amevuta kiti chake nyuma, kidogo tu, nimemwona. Mwingine kachukua kikombe nilichonywea, akakiweka peke yake kwenye ukingo wa meza. Sikumlaumu. Ningekuwa wao, na woga wangu huu, ningefanya zaidi.

Clarisse akaenda akakichukua kile kikombe, akajimiminia Fanta, akanywa. Hakunitazama. "Eish," akasema, basi.

Désiré alikaa ameinamisha kichwa. Mwisho akasema tumemfanyia yule mama ubaya, barua itaandikwa wiki hii. Vitabu havikugawiwa.

Furaha amepanda taxi ya peke yake kurudi.

Jumatatu, 2 Oktoba

Barua imetoka. Muhuri, sahihi ya rais, sahihi ya katibu. Imeandikwa ni mzaliwa wa Kitobwe, kartie ya Misheni. Désiré kanieleza kwa upole: ni kwa ajili ya kumlinda, ofisini wasimwogope. Na wewe pia, akaongeza. Hakuwa na nia mbaya. Nimeipokea nikamshukuru. Njiani nimejiuliza kwa nini nimeshukuru.

Jumatano, 4 Oktoba

Godeliva kaisoma mara moja, akanirudishia. Kule ofisini keshasema Lazaro, hawezi kwenda kusema Misheni. Hata angeweza, akasema, asingetaka. Mama yake amezikwa Lazaro.

Nimeona haya nilivyoibeba ile barua siku mbili nikidhani imetosha.

Alhamisi, 5 Oktoba

Dukani kwa Désiré baada ya kazi. Nimemwomba barua iandikwe upya. Alisita, akaita wawili wa komite, wakashauriana kati ya marobota ya vitenge. Hatimaye kasema sawa, lakini barua ya namna hiyo inataka shahidi, mtu aliyezaliwa hapohapo. Akanisogezea kalamu.

Jina. Jina la baba. Mahali pa kuzaliwa. Karatasi zangu zote za nchi hii zinasema Misheni, na sijui ofisa akizilinganisha atasema nini. Niliogopa, nikaandika Lazaro. Herufi sita, na nimewafundisha watoto elfu kuandika, lakini z ilitoka kama s.

Nyumbani Furaha alikuwa ameniwekea chakula. Hatujazungumza sana. Kauliza tu kama barua imekubaliwa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mvua ya kwanza leo asubuhi, ndogo. Nimempelekea barua.

Alikuwa na mteja kitini, msichana Mzulu, kichwa nusu kimesukwa. Godeliva kafuta mikono, akaisoma yote, mpaka chini kwenye jina langu. Akaikunja, akaitia kwenye pochi, akafunga zipu. Jumanne atakwenda nayo. Sijui watamjibu nini. Naye hajui.

Nilisimama pale mlangoni. Yule msichana akamuuliza huyu baba ni nani.

Godeliva alikwisha rudi kwenye nywele. Hakuinua hata macho.

"Ni wa kwetu," akasema.

Kama kitu chepesi. Mimi niliulizwa hivyohivyo juu yake, mbele ya watu wote, nikashindwa. Nimeaga, nikatoka. Nimesimama nje karibu na spaza mpaka mvua ikakatika, kisha nikaenda kutafuta taxi.