Matairi Manne, Magari Mawili

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeosha matairi. Yote manne, kwa brashi ya sakafu na sabuni ya unga, nyuma ya duka kabla wateja hawajaanza kuja. Udongo wa Naitiri, nilikoshindana jana, ni mweusi na unanata. Mawe yaliyokwama katikati ya meno nimeyatoa kwa bisibisi.

Mbio za jana zilienda vizuri. Shamba lilikuwa limevunwa na kusawazishwa, njia imepangwa kwa koni. Kila dereva anakimbia peke yake, anashindana na saa. Raundi tatu, ile bora ndiyo inayohesabiwa. Nimekuwa wa pili katika magari madogo. Nimeridhika.

Matairi ya mbele yameliwa kuliko ya nyuma. Gari langu linavutwa na mbele, kwa hivyo mbele ndiko kunakoteseka. Nimeyatia alama ya chaki ili yakirudi niyabadilishe nafasi.

Kesho yanaenda Kitale kwa Kamau.

Jumatano, 10 Septemba

Yamefika. Kamau amepiga simu kusema ameyapokea, na kwamba yanang'aa kuliko vyombo vya jikoni kwake.

Tuliyanunua pamoja mwaka jana. Yeye ni mkulima wa mahindi na maziwa nje ya Kitale. Mimi nauza dawa za mifugo na mbegu hapa Bungoma. Tulijuana kwenye foleni ya ukaguzi wa magari, tukagundua yote mawili ni ya aina moja, lake jeupe, langu jekundu, nati nne kwa kila gurudumu. Tairi moja jipya la udongo linamaliza karibu magunia matano ya mahindi, na mahindi yakiwa na bei nzuri. Manne kwa mtu mmoja haiwezekani. Kwa wawili iliwezekana, kwa shida: mbio hizi kwangu, zinazofuata kwake.

Sheria za kuyatumia alizitunga Kamau mwenyewe. Yaoshwe kabla ya kurudishwa. Yasikae juani. Yasikanyage lami kamwe, kwa sababu lami inayala haraka kuliko mawe. Hatukuandika popote. Tulipeana mkono.

Mume wangu, Baba Ivy, aliuliza jana ni lini tutanunua matairi ya gari la nyumbani. Nikamwambia bado yana maisha. Ni kweli, lakini si mengi.

Jumapili, 21 Septemba

Kamau ameshinda Kitale. Sikwenda, duka lilikuwa na watu wa chanjo ya kuku. Amenitumia picha amesimama kando ya gari, vumbi hadi kwenye kope.

Sasa yuko wa kwanza kwa pointi. Mimi ni wa pili, nyuma yake kidogo tu. Nilimpongeza kwa moyo. Karibu wote.

Ijumaa, 26 Septemba

Matairi yamerudi na gari la maziwa. Safi, kama tulivyokubaliana. Lakini yameisha katikati. Udongo hauli katikati. Udongo unakwangua kingo, unapolala kwenye kona. Katikati huliwa na lami.

Nilimpigia. Nikauliza kama yamekanyaga lami.

"Ni mawe ya huku, Mama Ivy. Uwanja ya Kitale iko na mawe mbaya."

  Kisha akauliza bei ya dawa ya kupe, nikamtajia, tukaagana.

Ananidanganya. Sijui kwa nini. Nimekasirika hadi nimemrudishia mteja chenji zaidi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Habari mbaya. Zilibaki mbio mbili, moja Kitale na moja hapa Bungoma. Ya Kitale imefutwa, mwenye shamba amebadilisha nia. Kwa hivyo ni moja tu, hapa kwetu, tarehe 19. Kamau lazima aje. Mimi lazima niwepo. Matairi ni yale yale manne.

Nimeuliza bei mpya. Imepanda. Karo ya Ivy ya muhula huu sijamaliza, siwezi kuigusa. Nimeenda kuangalia ya mtumba karibu na stesheni. Meno yapo, lakini mpira umekauka, ukiukunja unaonyesha nyufa kama kisigino. Tairi la namna hiyo litapasuka raundi ya kwanza. Nimemwacha muuzaji akilalamika.

Matairi yangu ya zamani ya barabarani yapo stoo. Juu ya udongo yanateleza kama sabuni. Kuyafunga ni kukubali kushindwa kabla ya kuanza.

Jumapili, 5 Oktoba

Kamau ndiye aliyepata wazo. Madereva wanatoka mmoja mmoja. Kwa hivyo nikimaliza raundi, tunafungua magurudumu, tunayafunga kwake, anatoka. Wasimamizi wamekubali kutupa nafasi kati ya mmoja na mwingine.

Ubaya ni huu. Matairi yatafanya kazi ya magari mawili siku moja, bila kupoa. Mpira wenye moto unaliwa kama kifutio.

Nimekubali. Sina lingine. Bado simwamini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Amekuja na gari lake juu ya pikapu ya kukodi. Tumefanya mazoezi nyuma ya duka. Jeki mbili, spana mbili. Mara ya kwanza tuligongana vichwa. Kufikia saa sita tulikuwa tunafanya kimyakimya, mmoja kushoto, mmoja kulia, bila kuambiana. Baba Ivy alitoka na chai akasimama mlangoni kutuangalia. Nilijisikia vizuri. Kwa muda huo nilisahau hasira.

Kisha nikamwona Kamau amechuchumaa kwenye tairi moja, lile moja lililotoka kiwandani na alama ya rangi nyeupe. Anapapasa ubavu wake kwa vidole, polepole, kama mtu anayepima homa ya ndama. Nikauliza kuna nini. Akasema hakuna.

Lile la alama nyeupe ndilo lenye meno marefu zaidi kati ya yote.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto uko kwenye kitambaa. Hakuna kilichovunjika, daktari amesema ni msuli.

Asubuhi ilikuwa kavu. Watu walijaa, boda boda zimepangwa ukingoni mwa shamba, akina mama wanauza mahindi ya kuchoma. Raundi ya kwanza mimi nilitoka mbele ya Kamau. Nikaenda kwa akili, sikulaza gari sana, nikayahurumia matairi. Saa ikatoka nzuri. Tukabadilisha. Kamau akaenda kwa nguvu kama kawaida yake, akawa nyuma yangu kidogo. Raundi ya pili nikaongeza. Bado nilikuwa mbele. Nikisema kweli, nilianza kuwaza kikombe kitakaa wapi dukani.

Raundi ya tatu wakageuza mpangilio, Kamau akatangulia. Alikuwa amelifunga la alama nyeupe nyuma. Akakimbia vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Akanipita.

Nikabaki mimi, dereva wa mwisho wa siku.

Tulipokuwa tunafungua, matairi yanachoma hata kupitia glavu, Kamau akashika lile la alama nyeupe, akaliviringisha kuelekea nyuma ya gari langu.

"Hii weka nyuma, Mama Ivy. Usiweke mbele."

"Kwa nini? Ndilo lenye meno."

"Weka tu nyuma. Siiamini."

"Unajua nini ambacho mimi sijui?"

Akafungua mdomo. Msimamizi alikuwa anapiga filimbi. Akaufunga.

Nikaliweka mbele, kushoto. Mwenyewe, kwa spana yangu. Niliona mtu aliyetoka kunipita sasa anataka nikimbie na vipara mbele. Nilikuwa na hakika kabisa.

Lilishika kama kucha. Kona ya kwanza, ya pili, ile ndefu ya kando ya mti wa mkaratusi. Nilijua nimempita. Mwili unajua kabla ya saa. Kona ya mwisho ni ya kulia, uzito wote unaangukia gurudumu la kushoto la mbele. Nikasikia mlio kama mlango wa bati unaopigwa na upepo. Usukani ukaninyang'anya mikono. Nikaenda moja kwa moja kwenye marobota ya nyasi, na nyuma ya marobota kulikuwa na kisiki.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Kamau. Alifungua mkanda.  Mimi nikasema, "Toka." Akatoka.

Jumatatu, 20 Oktoba

Bega linauma. Duka limefunguliwa na Baba Ivy, amewauzia watu wawili dawa ya minyoo ya mbuzi badala ya ya ng'ombe. Wamerudi wakicheka.

Gari limeletwa kwa trela. Mkono wa gurudumu la kushoto umepinda, rejeta imepasuka, chasisi pia imesogea. Fundi ameliangalia kwa muda mrefu, akafuta mikono, akasema engine ni nzima.

Alitaja engine tu. Nimeelewa.

Namchukia Kamau. Nalichukia lile tairi.

Jumatano, 22 Oktoba

Amekuja. Nilikuwa peke yangu dukani. Hakukaa hadi nilipomwambia kaa.

Alieleza akiangalia magunia ya mbegu, si mimi. Siku mbili kabla ya mbio za Kitale, binti yake Njeri alibanwa na pumu. Asubuhi, wakati wa kukamua. Pikapu ikakataa kuwaka. Gari la mbio lilikuwa tayari uani, matairi yameshafungwa. Akamweka mtoto kando yake akaondoka. Karibu na Kipsongo aliingia shimo ambalo hakuliona. Gurudumu la kushoto la mbele, lile la alama nyeupe. Hakusimama kuangalia. Njeri alilazwa, na kwa siku hizo Kamau alienda na kurudi kwa gari hilo hilo, juu ya lami, kwa sababu hakuwa na lingine.

Baadaye aliona uvimbe mdogo ubavuni, mdogo kama chunusi. Ukapotea upepo ulipopunguzwa. Akatumaini.

"Mbona hukuniambia?"

"Ile sheria ya lami ni mimi nilitunga. Si ungenicheka?"

"Ningekucheka, halafu ningeuliza mtoto anaendeleaje."

 Nikaona macho yake yamekuwa mekundu.

Sijui nifanye nini na hasira hii. Mtu hawezi kumkasirikia baba aliyempeleka mtoto hospitalini. Lakini uwanjani alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, uvimbe, nami ningeliweka nyuma. Nami pia niliambiwa na mwenzangu weka nyuma, nikaweka mbele. Yote mawili ni kweli. Nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa.

Kikombe alikileta, kimefungwa kwenye gazeti. Nimemrudishia. Alishinda kwa saa halali. Nimemwambia akiweke mahali Njeri atakiona.

Jumapili, 2 Novemba

Tulienda Kitale baada ya ibada, mimi na Baba Ivy. Njeri ni mzima, mwembamba, anaongea sana. Mama Njeri alitupikia kuku na mukimo wa viazi vilivyopondwa. Hakuna aliyetaja matairi hadi sahani zilipotolewa.

Kisha Kamau na mimi tukatoka kuyaangalia matatu yaliyobaki kwenye banda. Moja ni kipara kabisa, nyuzi zinaonekana. Mawili yana mbio moja au mbili ndani yake, kwa dereva mpole. Tukasimama hapo. Ng'ombe walikuwa wanatafuna nyuma yetu.

Mimi ndiye niliyesema. Gari langu halitengenezeki kwa pesa nilizo nazo. Likiuzwa kama lilivyo, kwa sababu ya engine, linatosha matairi mapya manne na kitu cha ziada. Klabu inaruhusu madereva wawili kuandikisha gari moja. Kwa hivyo gari lake, matairi kutoka kwangu. Kila mmoja raundi zake.

"Na ukiniharibia gari?"

"Na ukiyapeleka matairi kwenye lami?"

Tukacheka, si sana. Alisema sheria ya lami iondolewe. Nikasema ibaki, ila mtu akilazimika, apige simu siku hiyo hiyo. Pia tumekubaliana kununua yenye mpira mgumu. Yanashika kidogo, lakini yanadumu. Tutaenda polepole kuliko madereva wa Eldoret. Sawa.

Kwenye barabara ya kurudi Baba Ivy aliuliza kama nina uhakika. Nikasema hapana. Akaendelea kuendesha.

Jumamosi, 15 Novemba

Limeondoka. Mnunuzi ni mzee mmoja wa Tongaren, anataka engine ya kuweka kwenye gari lake. Aliisikiliza ikinguruma, kichwa kimeinama, akasema, "Hii engine ni nzuri, mama. Nitaripia reo." Na alilipa leo, shilingi zote.

Nilidhani nitalia likipakiwa. Sikulia. Nilishika tu mlango kwa muda, rangi yake nyekundu ilikuwa na joto la jua.

Pale lilipokaa nyuma ya duka majani yamekuwa ya manjano, na kuna doa la oili. Nilisimama nikiangalia. Baba Ivy akaja na turubai, akaitandika pale pale bila kuniuliza, akaanza kuleta mahindi ya kuanika. Nikaenda kumsaidia, kwa mkono mmoja na nusu.

"Sasa Jumamosi, bila gari la kutengeneza, utakuwa unafanya nini?" aliuliza.

Nikamwambia sijui.

Tuliendelea kusambaza mahindi kwa mikono, tukitoa yaliyooza. Mchana wingu likapanda kutoka upande wa Elgon. Tukayazoa yote kwenye magunia kabla matone hayajafika, kisha tukaikunja turubai, kila mmoja akishika upande wake.