Kicheko cha Flores

Jumatatu, 8 Julai 2024

Mbele ya kuku watatu na jiko lisilotaka kukolea, natangaza rasmi: mimi Restituta, shangazi mtu, nimejua kucheka Kiindonesia. Unaandika wkwkwk. Ukizidiwa na kicheko, unaongeza. Basi.

Nimejifunza kwa wizi. Scolastika, binti wa kaka yangu Alphonce, mwaka sasa anachati na kijana aitwaye Frans, mkulima wa kahawa huko kisiwa cha Flores, Indonesia — walikutana kwenye kundi la wakulima mtandaoni. Simu yake anaiacha kwenye kochi, wazi kama mlango wa kanisa. Neno nisilolijua naligugo kwa simu yangu. Gpp ni "hakuna neno". Bucin ni mtumwa wa mapenzi. Mtumwa! Na wanaitana hivyo huku wakicheka.

Jumatano, 10 Julai

Balaa! Jumapili Wendelini wa Kitai anakuja na mshenga wake kuchukua jibu la posa. Leo Scola kamwambia baba yake asubiri kwanza, yuko mwingine. Alphonce kadondosha sinia la buni. Mwingine yupi? Wa wapi? Kaonyeshwa picha. Hakufoka — ndicho kilichonitisha. Kasema huyo naye aulizwe nia yake, lakini kwa mshenga, kama watu.

Mshenga! Ndani ya simu!

Ijumaa, 12 Julai

Nimeona kwa macho yangu. Mzee Pankras, ndiye mshenga wetu, kavaa koti la Pasaka, kaishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka. Yeye anasema, Scola anaandika, simu inatafsiri. Kaanza na salamu. Kisha mvua. Kisha hali ya mibuni. Kisha wazee wa huko, kama wameamka salama. Chai imepoa, hatujamfikia binti!

Frans akajibu: wkwkwk.

"Hiyo nini?"

"Anacheka, babu."

"Ananicheka mimi? Mshenga?"

Alphonce akamsihi aingie kwenye hoja. Pankras akauliza: kijana, una nia gani na binti yetu?

Jibu halikukawia. Jangan baper ya, wkwk.

Hilo nalijua. Ndivyo wanavyomwambia mtu: usilibebe moyoni, tulikuwa tunataniana. Mwaka mzima wa utani!

Simu ilishindwa kulitafsiri, ila Scola hakuhitaji tafsiri. Akaitazama simu, akamtazama baba yake, akasema bila kupepesa macho: anaomba muda, azungumze na wazazi wake.

"Angalau ana adabu," akasema Pankras.

Mimi nikakusanya vikombe.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemfuata Scola kwenye vichanja vya kahawa. Nikatamka neno moja tu: baper. Mikono ikamsimama juu ya buni.

"Shangazi! Tangu lini?"

"Tangu bucin."

Akalia bila sauti. Kasema ataandika tena leo. Frans ana utani mwingi, pengine mambo ya mshenga yamemchanganya. Nisimwambie baba. Na Wendelini je? Wendelini, kasema, ni mvumilivu, haendi popote.

Nimekubali kunyamaza. Gpp.

Jumapili, 14 Julai

Naandikia jikoni. Wageni bado wako uani.

Wendelini kakaa mwisho wa benchi, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mshenga wake, Raimundi, akaomba jibu. Scola akaitwa. Akatoka na simu mkononi — ujumbe wake wa jana umesomwa, haujajibiwa. Akasema: naomba wiki mbili tena.

Wendelini akatazama viatu vyake.

Nilidhani watabembeleza! Pankras naye alidhani hivyo. Alishaanza kukohoa kwa madaha, tayari kubembelezwa.

Raimundi akasimama, akakung'uta kofia. Akasema hawana kinyongo, ila tuwaruhusu mapema, pikipiki inawasubiri. Wanatakiwa Kingerikiti saa nane, kuchukua jibu la posa nyingine ya Wendelini.