Gunzi ya muhindi mu tumbo ya Bijou

Bwana yangu Baba Kalenga, weye mwenye ulitangulia kupumzika,

Leo pa soko, mi na Mama Odila wa jirani tulikumbuka imbwa yako Bijou. Tulicheka mupaka bauzishaji ya samaki bakaulizana kama tulikunywa!

Unakumbuka vile Bijou alikataa kula bukari? Anatapika, tumbo imevimba. Mama Odila akamushika-shika, akasema: "Shemeji, imbwa yako iko na mimba!" Weye ukafurahi sawa njo weye utazaa. Kule ku kazi ya reli ukagawa batoto ya imbwa mbele ya wakati: kapita, mukubwa wenu wa kazi, dume, Yozefu jike. Kumbe Bijou anaishiwa nguvu, ata maji anatapika. Njo ukastuka.

Ukamufunga mu blanketi, ukamubeba ku kinga, ile baisikeli yako, mupaka kwa munganga ya banyama, ule muzungu wa bangombe. Mi nyuma na mbio, pagne ya kiuno inataka kuanguka! Munganga akaminya tumbo pole-pole.

"Anakunya?"

Tukaangaliana. Weye ukajibu hapana, toka siku mingi.

"Hakuna mimba. Kuko kintu kinaziba matumbo. Tusipopasua, atakufa."

Ukatosha kofia ku kichwa. "Patron, pasua. Huyu ni muntu ya kwangu."

Akamulalisha na dawa ya kunusa, akapasua tumbo, akafungua utumbo, akatosha gunzi ya muhindi, nzima! Akashona ndani, akashona inje. Kisha akasema: "Musifurahi bado. Akikunya, atapona."

Ayayai, Baba Kalenga! Weye, mukristu mwenye kukataza batoto matusi pa meza, unafwata imbwa mu lupango yote ya nyumba, unachungulia mukia! Mama Odila anakucheka: "Shemeji, umusaidie kusukuma!" Weye: "Nyamaza, muzalishaji ya bongo, weye na mimba yako ya uongo!"

Siku ya Mungu ukakosa misa sababu ya Bijou. Mi na bamama tunarudia toka misa, katekista pamoja nasi, tunaona weye unakimbia mu barabara, chemise wazi ku kifua: "Amekunya! Bantu yote, amekunya!" Bamama bakapiga impundu, vigelegele mupaka juu, katekista naye makofi.

Sasa nyumba iko kimya, mi mwenye kusema sana minajisemea mwenyewe. Lakini nikikumbuka uso yako, minacheka, machozi inakuja, minacheka tena. Maisha yote haukunishika mukono mbele ya bantu, ulikuwa unaona haya. Ile siku ukaniinua juu, pale katikati ya barabara ya Elisabethville, na nguo yangu ya misa, katekista anaangalia. Na haukunishusha mbio.

Lala muzuri, mupenzi.

Bibi yako,
Mama Kalenga