Tangi Nililolisugua Likang'aa

Bendera, Same
Jumapili, 22 Novemba 2026

Mpendwa Baba Mdogo Sifael,

Shikamoo. Leo natimiza miezi tisa tangu nishuke Ugweno. Goti lako limepata nafuu? Mimi ni mzima, ila mgongo unauma na joto la huku linanimaliza.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu kwamba nimefukuzwa. Bado sijafukuzwa.

Unajua huku natunza matangi ya maji ya kijani ya kulishia vifaranga wa samaki. Ukijani huo ni mwani mdogo mno, jicho haliuoni mmoja mmoja. Mwezi huu niliachiwa tangi moja peke yangu. Nikalisafisha kama ulivyotufundisha kwenye msaragambo, tukiitwa kijiji kizima kusafisha ndiva, bwawa letu la maji ya kumwagilia: kukwangua tope na utelezi mpaka jiwe lionekane. Nikaongeza na dawa ya kuua vijidudu. Tangi likang'aa, nikajisifu. Mwani mpya tuliotia, uliotoka kwenye chupa safi ya maabara, ukapauka ndani ya siku nne.

Dada Tausi, mtaalamu wetu, alicheka. "Kaka Asheri, umemfukuza mpishi ukabaki na sufuria inayong'aa."

Akanieleza kwamba kwenye ule utelezi wanaishi bakteria. Mwani unawapa sukari unayotengeneza kwa jua, nao wanaupa vitamini ambayo hauwezi kujitengenezea. Mimi nilidhani bakteria wote ni ugonjwa. Shule niliyoiacha njiani haikunifikisha huko.

Bwana Habibu, msimamizi, hakucheka. "Wewe Mpare, vifaranga wanafika Jumapili ya tarehe 29. Wasipokuta chakula, funga begi."

Sifungi. Nimechota ndoo mbili za maji kwenye tangi la zamani ambalo bado ni la kijani, pamoja na utelezi wake, nikamimina kwenye langu. Nakoroga asubuhi, mchana na jioni. Kipimo ni kuzamisha mkono mpaka kiwiko: usipoona vidole, chakula kipo. Juzi niliviona mpaka kucha. Leo naona vivuli tu.

Msalimie Mama Mdogo Agatha. Mdogo wangu Careen mwambie asiache shule kama mimi. Mungu awape afya, na migomba aikumbuke kwa mvua.

Jembe langu msimwazime mtu. Nitafika Ijumaa, tarehe 11 Desemba, kwa likizo, si kwa kufukuzwa, na Jumamosi ya msaragambo nitaingia ndani ya ndiva pamoja nanyi.

Mwanao anayekupenda,
Asheri